MikroRNA, homoni na sukari ya mwilini: jibu kwa mwalimu wa baiolojia

Swali: Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita. Tangu Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2024 itolewe kwa wagunduzi wa mikroRNA, wanafunzi wangu hawaachi kuniuliza zinahusiana vipi na homoni, maana somo letu linaishia kwenye tezi, homoni na kipokezi chake. Nina sababu nyingine pia ya kuuliza. Mama yangu anaishi na kisukari cha aina ya pili, na kuna mtu amemwambia kwamba kipo kipimo cha damu cha mikroRNA kinachoonyesha chanzo cha kisukari chake, pamoja na vidonge vya mimea vyenye mikroRNA vinavyoirudisha kongosho katika hali yake ya zamani. Je, anunue?

Jibu: Mwalimu, nianze na mama, kwa kuwa jambo lake halipaswi kusubiri maelezo marefu. Asinunue kipimo hicho wala vidonge hivyo, na aendelee kutumia dawa alizoandikiwa kliniki. Sababu nitazieleza kuelekea mwisho, kwa kuwa zinatokana moja kwa moja na jibu la wanafunzi wako.

Somo la homoni kama linavyofundishwa shuleni ni sahihi. Tezi inamwaga homoni kwenye damu, homoni inasafiri hadi kwenye seli lengwa, inajishikiza kwenye kipokezi, na seli inaitikia. Lakini maelezo hayo yanaliacha kando suala la kiasi. Seli ya ini ina vipokezi vingapi vya insulini leo, na ilikuwa navyo vingapi kabla mwenye ini hilo hajanenepa? Seli ya kongosho ina insulini kiasi gani iliyokwisha kutengenezwa, tayari kumwagwa mlo unapoingia? Vipokezi ni protini, vimeng'enya vinavyotengeneza homoni za steroidi ni protini, na insulini yenyewe ni protini. Kiasi cha kila moja kinapanda na kushuka, na mwili una njia nyingi za kukidhibiti. MikroRNA ni mojawapo ya njia hizo. Hazitoi amri kama homoni zinavyotoa. Kazi yake ni kupanga kiasi cha protini zinazoitengeneza amri, zinazoipokea na zinazoitekeleza.

Wanafunzi wako wanajua kwamba jeni inanakiliwa kuwa RNA mjumbe, na kwamba ribosomu inausoma ujumbe huo na kuunda protini. MikroRNA nayo ni RNA, ila ni fupi mno, yenye nyukleotidi 22 hivi, na yenyewe haisomwi kuwa protini. Inaanza ikiwa uzi mrefu uliojikunja na kujishikiza wenyewe kwa wenyewe ndani ya kiini cha seli. Kimeng'enya kiitwacho Drosha kinaukata uzi huo na kubakiza kipande cha nyukleotidi 70 hivi. Kipande hicho kinatolewa nje ya kiini, na huko kimeng'enya cha pili, Dicer, kinakikata tena hadi kufikia urefu wake wa mwisho. Kisha protini ya kundi la Argonaute inachukua uzi mmoja kati ya nyuzi mbili zilizobaki na kuutumia kuwa kielekezi chake. Nyukleotidi ya pili hadi ya nane ndizo zenye uzito mkubwa zaidi. Zikikuta mfuatano unaooana nazo kwenye RNA mjumbe, mara nyingi katika ile sehemu ya mwisho isiyosomwa kuwa protini, Argonaute inatua hapo, usomaji unapungua, na RNA mjumbe hiyo inavunjwa mapema kuliko ambavyo ingevunjwa.

Washindi wa tuzo hiyo ya Nobel, Victor Ambros na Gary Ruvkun, kila mmoja akiwa na maabara yake nchini Marekani, walichapisha ugunduzi huu mwaka 1993 baada ya kumchunguza C. elegans, mnyoo mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Waliona kwamba RNA fupi iitwayo lin-4 inapunguza protini ya jeni nyingine, lin-14, na hivyo kupanga wakati wa hatua za ukuaji wa mnyoo. Kwa miaka kadhaa wengi waliichukulia habari hiyo kuwa ya mnyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaonyesha kwamba mikroRNA ya pili, let-7, ipo katika wanyama wengi, binadamu akiwemo. Leo zinajulikana mamia ya mikroRNA za binadamu, na zaidi ya nusu ya jeni zetu zinazounda protini zina mahali ambapo mikroRNA fulani inaweza kutua. Hiyo let-7 nitairudia, kwa sababu ina habari na insulini.

Kabla ya kufika huko, kuna jambo moja ambalo ningependa wanafunzi walielewe vizuri, maana makosa mengi yanaanzia hapo. MikroRNA moja kwa kawaida haizimi jeni. Vipimo vya maelfu ya protini kwa pamoja vilivyochapishwa mwaka 2008 vilionyesha kwamba mikroRNA moja ikiongezwa au kuondolewa, kiasi cha protini nyingi inazozigusa kinabadilika kidogo tu, mara nyingi chini ya mara mbili. Nguvu yake inatokana na wingi wa shabaha, kwa kuwa inaweza kugusa mamia ya RNA mjumbe kwa wakati mmoja, na baadhi ya hizo ziko katika njia moja ya mawasiliano ndani ya seli. Punguzo dogo kwenye kipokezi, likijumlishwa na punguzo dogo kwenye protini inayofuata na lile la inayofuata tena, linaweza kuifanya seli iitikie insulini kwa uvivu.

Mfano ambao ningekushauri uupeleke darasani ni wa seli beta za kongosho. Mwaka 2004 kundi la Markus Stoffel, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, lilichambua RNA fupi zilizomo katika seli zinazotengeneza insulini na kukuta moja ambayo ni nyingi humo lakini ni adimu katika tishu nyingine nyingi. Ikaitwa miR-375. Walipoiongeza, seli zilitoa insulini kidogo zaidi zilipopewa glukosi. Walipoizuia, zilitoa zaidi. Miongoni mwa jeni inazozipunguza ni ile ya protini iitwayo myotrofini, ambayo inahusika na hatua ya mwisho, pale vifuko vya insulini vinapoungana na utando wa seli na kumwaga kilichomo.

Mtu akiishia hapo, atahitimisha kwamba tukiizuia miR-375 tutakuwa tumepata dawa ya kisukari. Lakini mwaka 2009 watafiti hao walitoa matokeo ya panya waliofutiwa kabisa jeni ya miR-375, na sukari ya panya hao ilikuwa juu. Seli beta zao zilikuwa pungufu kwa sababu hazikuongezeka ipasavyo. Seli alfa, zinazotoa glukagoni, zilikuwa nyingi kupita kawaida, glukagoni katika damu ilipanda, na ini, kwa kuitii glukagoni, likawa linatengeneza na kumwaga glukosi zaidi. Kisha wakaifuta miR-375 katika panya wanene wasio na leptini, homoni inayoleta hisia ya shibe. Panya hao kwa kawaida hukabiliana na unene kwa kuongeza seli beta. Safari hii walishindwa kazi hiyo, wakapata kisukari kikali cha kupungukiwa na insulini.

Matokeo hayo mawili hayapingani. Katika muda mfupi, wa mlo mmoja, miR-375 inazuia insulini isimwagwe kupita kiasi. Katika muda mrefu, wa kukua na kuongezeka kwa seli, miR-375 hiyohiyo inahitajika ili kongosho liwe na seli beta za kutosha na lisiwe na seli alfa nyingi mno. Ndiyo maana nasita kila ninapoona mikroRNA fulani ikiitwa nzuri au mbaya. Swali lenye maana ni hili: kiasi gani, katika seli ipi, na kwa wakati gani?

Kwamba seli beta haiwezi kufanya kazi yake bila mikroRNA kulionekana pia kwa njia nyingine. Mwaka 2011 watafiti waliondoa Dicer katika seli beta za panya waliokwisha kukua, jambo lililofanya seli hizo zikose mikroRNA mpya za karibu aina zote. Seli zilibaki hai na umbo lake likabaki, lakini zikaacha kutengeneza insulini ya kutosha, kwa sababu protini zinazoikandamiza jeni ya insulini ziliongezeka bila kizuizi, na panya wakaugua kisukari. Na kwa binadamu, visiwa vya kongosho, yaani vikundi vya seli vyenye seli beta ndani yake, vilivyotoka kwa wachangiaji wa viungo vimechunguzwa, na mwaka 2014 ilichapishwa kwamba wale waliokuwa na kisukari cha aina ya pili walikuwa na upungufu wa kundi zima la mikroRNA linalotoka sehemu moja ya kromosomu ya 14. Huo ni uhusiano ulioonekana baada ya ugonjwa kuwepo, kwa hiyo hautuambii peke yake kipi kilitangulia.

Sasa twende upande wa pili, kwenye seli zinazoipokea insulini. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba let-7, ile ya mnyoo, inapunguza kipokezi cha insulini pamoja na protini nyingine kadhaa za njia yake, na kwamba panya waliozalishwa wakiwa na let-7 nyingi walishindwa kuimudu glukosi ipasavyo. Mwaka huohuo kundi la Stoffel, ambalo sasa lilikuwa Zürich, lilieleza kwamba mikroRNA mbili zinazofanana sana, miR-103 na miR-107, huongezeka katika ini la panya wanene. Zilipozuiwa, panya hao waliitikia insulini vizuri zaidi. Shabaha mojawapo ni kaveolini-1, protini ya utando wa seli ambayo husaidia kipokezi cha insulini kibaki imara mahali pake katika seli za mafuta. Ukiunganisha habari hizi na za miR-375, unapata picha ambayo somo la kawaida haliionyeshi: usugu wa insulini hauhitaji kipokezi kilichoharibika. Kipokezi kinaweza kuwa kizima kabisa, ila vikawa vichache, au vikakosa protini za kuvishikilia.

Homoni nazo zinazipangia mikroRNA kiasi chake, na hapo ndipo mambo yanakuwa ya kurudiana. Katika moyo, homoni ya tezi ya thairoidi inaichochea jeni ya aina ya miosini inayoufanya msuli wa moyo ujikaze kwa kasi. Ndani ya jeni hiyohiyo, katika sehemu ambayo hukatwa na kuondolewa kabla ya RNA mjumbe kusomwa, imo mikroRNA iitwayo miR-208a. Mwaka 2007 ilichapishwa kwamba panya wasio nayo hawakuweza kuongeza miosini ya aina nyingine, ile ya polepole, hata walipopunguziwa homoni ya thairoidi, wakati panya wa kawaida katika hali hiyo huiongeza. Kwa hiyo jibu la moyo kwa homoni linategemea kwa sehemu mikroRNA iliyobebwa na jeni inayotawaliwa na homoni hiyo. Estrojeni pia ina njia yake: kipokezi chake cha aina ya alfa, kikiwa kimeishika homoni, kinaweza kuizuia Drosha isizikate baadhi ya mikroRNA, na hivyo kuzipunguza.

Kwa kuwa mzunguko wa hedhi na kutoka kwa yai vimo katika somo lenu, mfano wa tezi ya pituitari utawafaa sana wanafunzi. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2013 habari za panya jike waliofutiwa mikroRNA mbili, miR-200b na miR-429. Panya hao hawakushika mimba kwa sababu mayai hayakutoka kwenye ovari. Ovari hazikuwa chanzo cha tatizo. Katika pituitari, mikroRNA hizo kwa kawaida huipunguza protini ZEB1, na ZEB1 huikandamiza jeni ya sehemu mojawapo ya homoni ya LH. MikroRNA zilipoondolewa, ZEB1 ikapanda, LH ikashuka, na lile ongezeko la ghafla la LH linalolitoa yai halikutokea. Ni mnyororo wa vizuizi viwili, kimoja kikizuia kingine, na mwanafunzi anayeweza kuufuata mpaka mwisho ameielewa dhana yenyewe. Tezi za adrenali zina habari inayofanana na hiyo, kwa mfano miR-24 inayopunguza vimeng'enya vya hatua za mwisho za kutengeneza kotisoli na aldosteroni, ila huko ushahidi mwingi ni wa seli zilizokuzwa maabara.

Wanafunzi watauliza kama kuna binadamu anayeugua kwa sababu mfumo huu umeharibika. Wapo. Kuna familia zinazorithi hitilafu katika jeni ya DICER1, inayotengeneza kile kimeng'enya cha Dicer, na miongoni mwa mambo yanayowapata ni rovu lenye vinundu vingi, wakati mwingine tangu utotoni, pamoja na uvimbe wa mapafu kwa watoto wadogo na aina adimu ya uvimbe wa ovari ambao unaweza kutoa homoni za kiume. Hali hiyo ni adimu, na watu wengi wenye rovu hawana hitilafu hiyo. Rovu lina sababu nyingine, upungufu wa madini joto ukiwa mojawapo.

Kuhusu umetaboli wa mafuta, kiungo cha kukitazama ni ini. MikroRNA moja, miR-122, hufikia takribani asilimia 70 ya mikroRNA zote za ini. Ilipozuiwa katika panya mwaka 2005, kolesteroli katika damu ilishuka. Nyingine ni miR-33, ambayo iko ndani ya jeni za protini zinazoamuru seli kutengeneza kolesteroli na mafuta, na ambayo inapunguza ABCA1, protini inayoitoa kolesteroli nje ya seli na kusaidia kuunda HDL, ile ambayo wagonjwa wengi huijua kama lehemu nzuri. Utaratibu huo una mantiki: seli inapoamriwa kutengeneza kolesteroli, jeni hiyohiyo inatoa mikroRNA ya kuizuia isitoke. Panya wana aina moja tu ya miR-33 ilhali binadamu ana mbili, kwa hiyo watafiti waligeukia tumbili, ambao wana mbili kama sisi. Mwaka 2011 walichapisha kwamba tumbili waliozuiliwa miR-33 walipanda HDL na kushuka trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damuni. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa, na ninaona matumaini hayo yalikuwa na msingi. Hata hivyo, baadaye panya waliozaliwa bila miR-33 walionekana kunenepa na kujaza mafuta kwenye ini walipolishwa chakula chenye mafuta mengi. Ni somo lilelile la miR-375, kwamba kipande kinachogusa jeni nyingi hakiondolewi bila kugusa mambo ambayo hukuyakusudia.

Bado kuna swali moja la kibaiolojia ambalo wanafunzi wakali watalileta: kama mikroRNA zipo kwenye damu, kwa nini zenyewe zisiitwe homoni? Zipo kweli kwenye damu, nyingine zikiwa ndani ya vifuko vidogo vya utando vinavyotolewa na seli, nyingine zikiwa zimeshikwa na Argonaute au na chembe za HDL. Mwaka 2017 kundi la C. Ronald Kahn la Boston lilichapisha kazi ya panya wasio na Dicer katika tishu za mafuta. MikroRNA nyingi ndani ya vifuko vilivyomo kwenye damu ya panya hao zilipungua sana, na walipopandikiziwa mafuta ya kahawia kutoka kwa panya wazima, baadhi zikarudi na jeni mojawapo ya ini ikaitikia. Kazi hiyo ni nzuri sana, na inaonyesha kwamba tishu ya mafuta inaweza kuzungumza na ini kwa njia hii. Mimi bado siziiti homoni, kwa sababu homoni ina kipokezi chake kinachojulikana na kiwango katika damu kinacholingana na mwitikio, ilhali mikroRNA za damuni bado hazijathibitishwa hivyo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kipimo alichoambiwa mama. Chukulia sampuli imetolewa kwa sindano nyembamba mno, au bomba limevutwa kwa nguvu, au chupa imetikiswa badala ya kupinduliwa taratibu. Seli nyekundu kadhaa zinapasuka. Damu ikishazungushwa kwenye sentrifuji, plazma inayopaswa kuwa ya manjano iliyofifia inatoka na wekundu kidogo, na mara nyingine wekundu huo ni hafifu kiasi kwamba jicho halioni kitu. Seli nyekundu zimejaa miR-451a na miR-16, na zikipasuka zinazimwaga kwenye plazma, hata kipimo kikaonyesha ongezeko ambalo halikuwepo katika mwili wa mgonjwa. Maabara makini hulinganisha miR-451a na mikroRNA isiyotoka kwenye seli nyekundu, kwa kawaida miR-23a, na sampuli iliyopita kiwango hutupwa. Heparini, inayowekwa katika baadhi ya chupa ili damu isigande, nayo huizuia PCR, njia ya maabara ya kuzidisha nakala ili zipimike, isifanye kazi ipasavyo.

Hata sampuli iliyotolewa vizuri inaweza kupotosha. Mwaka 2010 ilichapishwa kwamba watu wenye kisukari cha aina ya pili wana upungufu wa miR-126 katika plazma, na mikroRNA hiyo ikatajwa sana kuwa kiashiria cha kisukari. Lakini miR-126 haitoki tu kwenye kuta za mishipa ya damu. Chembe sahani nazo huitoa kwa wingi, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba aspirini huishusha. Wagonjwa wengi wa kisukari hutumia aspirini kwa ajili ya moyo. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa, akaambiwa mikroRNA zake zinaonyesha kisukari, kumbe kilichopimwa ni dawa aliyomeza asubuhi.

Sisemi kwamba viashiria hivi havitafika popote. Naamini baadhi vitafika, hasa vya kutambua mapema kufa kwa seli beta katika kisukari cha aina ya kwanza. Lakini kwa sasa hakuna kiwango cha kawaida cha mikroRNA kilichokubaliwa ambacho daktari anaweza kulinganisha nacho majibu ya mgonjwa mmoja, na hakuna kipimo cha aina hiyo kinachoweza kusema chanzo cha kisukari chake. Kipimo ambacho mama anakihitaji kipo tayari: HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, pamoja na kipimo cha figo, cha shinikizo la damu, cha mafuta, cha macho na cha miguu.

Upande wa dawa, hadi ninapoandika haya hakuna dawa ya mikroRNA iliyoidhinishwa kutibu kisukari, wala ugonjwa mwingine wowote wa binadamu. Zimejaribiwa. Ile ya kuizuia miR-122 iliyoitwa miravirsen ilijaribiwa kwa wagonjwa wa homa ya ini ya C, kwa sababu kirusi hicho huitegemea miR-122 ili kuongezeka, na mwaka 2013 ilichapishwa kwamba ilipunguza kirusi katika damu. Nyingine, ya saratani, iliyoiga miR-34a, ilisimamishwa mwaka 2016 baada ya wagonjwa kadhaa kupata madhara makubwa ya kinga ya mwili. Dawa hizo zilitolewa kwa sindano, zikiwa zimebadilishwa kikemikali au kufungwa katika chembe za mafuta, kwa sababu RNA tupu huvunjwa haraka na vimeng'enya vya mwili. Wanafunzi wakikutajia inclisiran, inayoshusha kolesteroli kwa sindano mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo, waeleze kwamba nayo hutumia Argonaute, lakini ni RNA fupi iliyoundwa kulenga jeni moja tu, PCSK9, na haihesabiwi kuwa mikroRNA.

Madai ya vidonge vya mimea yana historia yake. Mwaka 2012 watafiti wa China walidai kwamba mikroRNA ya mchele, miR168a, inapita tumboni, inaingia kwenye damu na kugusa jeni ya ini inayohusika na kuondoa LDL, ile iitwayo lehemu mbaya. Dai hilo lilivutia sana, kwani lingekuwa na maana kwamba kila sahani ya wali inazipangia jeni zetu kiasi. Makundi mengine yalipojaribu kulithibitisha hayakupata matokeo hayo. MikroRNA za mimea walizozikuta katika damu au tishu za wanyama zilikuwa chache mno, nyakati nyingine zisizotofautishika na uchafuzi wa maabara. Na kumbuka hesabu tuliyoanza nayo: hata mikroRNA ya seli yenyewe, iliyomo humo kwa maelfu ya nakala, hubadilisha protini nyingi kwa kiasi kidogo. Nakala chache zilizonusurika asidi ya tumbo haziwezi kuifanya kazi hiyo.

Iwapo mama ameshaanza kutumia vidonge hivyo, tafadhali usilichukulie jambo hilo kwa wepesi, hata kama sukari yake imeshuka, na hasa kama imeshuka ghafla. Katika nchi mbalimbali imewahi kugundulika kwamba dawa za sukari zilizouzwa kama za mitishamba zilichanganywa kwa siri na glibenklamidi, dawa ya hospitali inayoilazimisha kongosho kutoa insulini. Mgonjwa anayeimeza bila kujua, juu ya dawa zake nyingine, anaweza kushukiwa na sukari hadi kutoka jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye umri mkubwa ambaye figo zake zimechoka au ambaye hakula vizuri siku hiyo. Akipata dalili hizo naye bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari, soda ya kawaida au juisi mara moja, pima sukari baada ya dakika 15, kisha mpeleke hospitali hata akijisikia nafuu, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena usiku. Akiwa amepoteza fahamu, usimpe chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Chupa ya vidonge ichukueni pamoja naye, pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia, ili daktari ajue anashughulika na nini.